Ukiwekwa Benchi Kabla ya Fainali: Niliyojifunza kwa Jim Leighton

Nilikuwa na miaka 22 nilipovua glovu na kuapa kwamba sitasimama tena langoni. Ilikuwa Mtwara, siku ya fainali ya michuano ya mtaani tuliyoisubiri msimu mzima. Mwalimu alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akasoma kikosi. Jina la kwanza halikuwa langu. Hakuniita pembeni, wala hakunitazama usoni. Nikakaa benchi dakika zote 90, tukashinda, wenzangu wakabebana mabegani, na mimi nikarudi nyumbani kwa miguu, glovu zikiwa kwenye mfuko wa rambo. Zilikaa chini ya kitanda miaka saba.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja ninayemfundisha udakaji aliwekwa benchi kabla ya nusu fainali. Usiku akanitumia ujumbe: "Mwalimu, naacha mpira." Nilimpigia, tukaongea karibu saa nzima, na sehemu kubwa ya maongezi yetu ilikuwa juu ya mtu ambaye hajawahi kumsikia: Jim Leighton, kipa wa zamani wa Scotland. Najua wapo makipa wengine waliolala na ujumbe kama ule kwenye simu zao, wakisita kuutuma. Ndiyo maana naandika.

Habari za Leighton nilizipata Aberdeen, huko Scotland, nilikokwenda kusomea mambo ya mafuta na gesi. Wenzangu wa chuo walikuwa na timu yao ya Jumapili, mimi nilikuwa naenda kuangalia tu, nimejikunyata ndani ya koti, maana upepo wa bahari ile unakata kama wembe. Pale uwanjani kulikuwa na mzee aliyekuwa akitunza nyavu na kuchora mistari. Siku moja alinipa kikombe cha chai, na nilipokipokea akakishika kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia, kilichovunjika nikiwa na miaka 17 na kupona kikiwa kimepinda. Akakigeuza huku na huku, akasema, "Wewe ni kipa." Nikamwambia nilikuwa kipa. Akauliza kwa nini "nilikuwa". Nikamweleza habari ya ile karatasi. Hakunipa pole. Akaanza kunisimulia juu ya Leighton, kama vile watu wa kwetu wanavyosimulia habari za ndugu yao.

Leighton alizaliwa mwaka 1958, akafika klabu ya Aberdeen akiwa kijana, akakua chini ya kocha Alex Ferguson. Tarehe 11 Mei 1983, kule Gothenburg, alikuwa langoni Aberdeen ilipoifunga Real Madrid 2-1 na kutwaa Kombe la Washindi la Ulaya. Kwa jiji lile, usiku ule bado haujaisha. Ferguson alipohamia Manchester United, akamfuata kipa wake mwaka 1988. Fikiria hapo: kocha aliyekulea, anayekujua tangu hujaota ndevu, anakuita kwenye klabu kubwa kwa sababu anakuamini kuliko makipa wote.

Halafu ikaja Mei 1990. Fainali ya Kombe la FA, Wembley, Manchester United na Crystal Palace. Jumamosi tarehe 12 timu zilitoka 3-3. Leighton alikuwa na msimu mgumu, na siku ile pia hakuwa sawa. Mechi ikapangwa kurudiwa Alhamisi tarehe 17. Katikati ya siku hizo tano Ferguson akamwondoa, akamweka Les Sealey, kipa aliyekuwa pale kwa mkopo kutoka Luton. United wakashinda 1-0, bao la Lee Martin. Lilikuwa kombe la kwanza la Ferguson pale, na Leighton alilitazama akiwa nje. Sealey alimpa medali yake, Leighton akaikataa.

Mzee alipofika hapo alinyamaza. Mimi nilikuwa nimeshikilia kikombe ambacho chai yake imeshapoa. Miaka saba nilidhani jambo lile limenipata mimi peke yangu duniani.

Kama Ferguson alikosea au alipatia, watu wa mpira wanabishana hadi leo. Kwa matokeo alipatia, kombe lilikuja. Lakini uhusiano wa watu wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi ulivunjika, na haukurudi ulivyokuwa. Mimi nikiwa kocha sasa naelewa uamuzi ule, na bado moyo wangu uko upande wa kipa.

Ila nataka kukwambia aliyoyafanya Leighton baada ya hapo, maana hapo ndipo nilipojiona nimepoteza miaka yangu bure.

Hakutulia mara moja. Mwezi uliofuata tu alikuwa Italia, langoni mwa Scotland kwenye Kombe la Dunia. Kule Turin, zikiwa zimebaki dakika chache, alishindwa kuudhibiti mpira mmoja dhidi ya Brazil, ukatemwa, Müller akafunga, wakalala 1-0. Aliporudi Manchester alidaka mechi moja tu zaidi ya ushindani. Akapelekwa kwa mkopo Arsenal, akapelekwa Reading. Mwaka 1992 akaenda Dundee, na huko nako mambo hayakunyooka. Ukiyahesabu ni karibu miaka mitatu ya kubeba begi kutoka klabu hadi klabu, kwa mtu aliyebeba kombe la Ulaya. Angeweza kabisa kusema basi, nimeshafanya yangu.

Mwaka 1993, mwaka aliotimiza miaka 35, akasaini Hibernian ya Edinburgh. Haikuwa klabu ya kutisha Ulaya. Lakini walimpa kitu kimoja tu alichokihitaji: lango, kila wiki. Akadaka. Jumamosi baada ya Jumamosi, kona baada ya kona. Kabla mwaka ule haujaisha akaitwa tena timu ya taifa.

Hili ndilo ninalokuomba ulishike, mdogo wangu. Kipa si kama winga. Winga akikaa benchi ataingia dakika ya 70, akimbie, apige krosi mbili, watu wamkumbuke. Sisi hatuingii. Ukishakuwa kipa wa pili unaweza kumaliza msimu mzima na usiguse mpira kwenye mechi yenye maana. Na udakaji ni jicho na muda: unajua lini utoke kwenye mpira wa juu, lini ubaki kwenye mstari, kwa sababu umetoka mara elfu na umebaki mara elfu. Mazoezi yanasaidia, lakini hayana ule msukumano wa kona ya dakika ya 88. Kwa hiyo ukiona lango limefungwa mahali ulipo, na umezungumza na mwalimu na umeelewa halifunguki karibuni, nenda kadake kwingine. Daraja la chini, timu ya wilaya, ndondo, popote. Watu watasema umeshuka, waache waseme. Bora udake mechi 25 kwenye uwanja wa vumbi kuliko kuvaa jezi nzuri na kumpasha joto mwenzako.

Mimi nilifanya kinyume. Nilikaa chini ya kitanda pamoja na glovu zangu. Kuanzia miaka 22 hadi 29, miaka ambayo kipa anajengeka, sikudaka hata mpira mmoja, nikisubiri nani sijui aje aniombe radhi.

Kuna jambo la pili ambalo sikumwambia yule mzee siku ile, kwa sababu nilikuwa bado naona aibu. Lakini yeye alilifikia mwenyewe bila kujua.

Leighton alikuwa akidaka na lenzi za macho. Kuna picha zake amepaka mafuta ya Vaseline mazito kwenye nyusi ili jasho lisimwingie machoni. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1985, mjini Cardiff, Scotland walikuwa wanacheza na Wales na walihitaji sare ili safari ya Kombe la Dunia la Mexico iendelee. Mark Hughes akawafunga mapema. Ilipofika mapumziko ikajulikana kwamba Leighton amepoteza lenzi moja na hana ya akiba. Kocha wa taifa, Jock Stein, hakujua kwamba kipa wake anavaa lenzi. Msaidizi wake siku ile alikuwa huyohuyo Ferguson, kocha wa Leighton kule Aberdeen, na yeye pia hakujua. Ikabidi Alan Rough aingie kipindi cha pili. Davie Cooper alisawazisha kwa penalti dakika ya 81, Scotland wakavuka kwenda kucheza mchujo na Australia. Furaha haikuwapo hata hivyo, kwa sababu Stein alianguka mechi ikiishia na akafariki palepale uwanjani, akiwa na miaka 62.

Nilipoisikia hiyo nilitoka nje nikasimama kwenye upepo.

Mimi jua likizama nilikuwa sioni mbali. Nililijua tangu sekondari. Mpira ukipigwa kutoka mbali jioni, nilikuwa nauona kama kivuli, halafu ghafla uko kwenye alama ya penalti. Sikumwambia mtu. Kwetu kipa mwenye miwani angeitwa babu hadi uwanja mzima uimbe. Kwenye nusu fainali yetu, karibu na magharibi, mtu alipiga shuti kutoka mbali, likapita mkono wangu wa kushoto nikiwa bado sijaanza kuruka. Mwalimu aliniuliza nini kimetokea. Nikasema mpira umenidundia vibaya, na mpira wenyewe haukugusa chini. Alinitazama, akanyamaza. Siku tatu baadaye ndipo ikasomwa ile karatasi.

Bado naamini alipaswa kuniita na kunieleza. Lakini nami sikumpa nafasi ya kujua anamuweka benchi nani. Alidhani ana kipa mwoga, kumbe ana kipa asiyeona.

Kwa hiyo, kama bega linauma, kama kidole hakikunji, kama huoni mpira wa juu taa zikiwaka, kama huna usingizi tangu ulipofungwa bao lile, mwambie mwalimu wako kabla ya mechi. Mwambie mkiwa wawili, siyo mbele ya timu. Na kama unavaa lenzi au miwani ya michezo, beba ya akiba, iwe nyuma ya lango ndani ya begi lako pamoja na taulo na maji. Hapimwi mtu ushujaa kwa kudaka nusu kipofu.

Kwa makocha wanaonisoma nina ombi fupi tu. Mnapomwondoa kipa, mwiteni kabla. Kaeni chini, mwambieni sababu kwa maneno ya kawaida, mwambieni na lini mtamtazama tena. Inachukua dakika kumi.

Kuna watu huuliza kama Leighton alipata fainali nyingine ya kufuta ile ya 1990. Alirudi Aberdeen mwaka 1997, na tarehe 10 Juni 1998 alisimama langoni pale Stade de France, Scotland ikifungua Kombe la Dunia na Brazil, ikiwa imebaki wiki sita tu atimize miaka 40. Walifungwa 2-1, la pili likiwa mpira alioupangua yeye ukamgonga beki wake, Tom Boyd, ukaingia. Alistaafu timu ya taifa akiwa na mechi 91, na hakuna kipa wa Scotland aliyezifikia. Fainali alizipata, na ya mwisho ilikuwa Mei 2000, Kombe la Scotland, Aberdeen na Rangers. Ilikuwa mechi yake ya mwisho, ana miaka 41. Dakika za mwanzo tu akagongana na Rod Wallace, taya likavunjika, akatolewa. Aberdeen hawakuwa na kipa wa akiba benchi. Mshambuliaji wao, Robbie Winters, akavaa glovu, wakafungwa 4-0.

Kwa hiyo hapana, mpira haukumrudishia fainali yake. Ulimpa miaka kumi ya kudaka. Baadaye akawa kocha wa makipa palepale Aberdeen.

Mimi nilirudi langoni Jumapili iliyofuata baada ya ile chai, kwa glovu za kuazima na miwani ya michezo iliyofungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Ukungu wa baharini ulikuwa umeshuka hadi huoni lango la pili. Mpira wa kwanza ulikuwa krosi kutoka kulia. Nilitoka, nikaruka, nikaukumbatia kifuani ukiwa umelowa na mzito, na nilipotua nikakaa nao chini kwa muda kuliko inavyoruhusiwa. Refa akaniambia niuachie.

Yule kijana wangu hajaacha. Jumatatu alikwenda kwa mwalimu wake mkuu, akarudi na jibu kwamba msimu huu namba moja ni mwenzake. Tumempatia timu ya wilaya ya jirani, wanachezea kiwanja chenye mchanga nyuma ya soko. Jumamosi atadaka. Jana usiku akaniandikia tena: "Mwalimu, kuna kitu sijawahi kukwambia, ni goti la kushoto." Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda hospitali.