Sebule inayoonekana kama ukumbi

Kaka, umeuliza kwa nini sebule ya mita 4 kwa 3.6 imetoka kwenye picha ya 3D uliyoichora kwa kompyuta kama ukumbi wa harusi. Anza na sakafu. Umesema vigae ni vya sentimita 60, basi upande wa mita 3.6 lazima vikae 6. Mimi kwenye picha nimehesabu 12. Kigae kimepungua nusu, na jicho limedhani chumba kimekuwa mara mbili. Rudisha kigae kwenye kipimo chake, na chumba kitaanza kuonekana kwa ukubwa wake.

Kisha kamera ya ndani ya programu. Lenzi ya milimita 18 inavuta kona mpaka kochi la pembeni linarefuka kama basi. Weka 24 hadi 28. Ukuta ukikubana, ufiche kwenye programu, kisha usogeze kamera nyuma. Shusha kamera iwe kati ya mita 1.2 na 1.5 kutoka sakafuni, uilaze sawa, isitazame juu wala chini, ndipo miimo ya mlango itasimama wima.

Fanicha za 3D ulizopakua mtandaoni zipime kimo zote: kiti sentimita 45 mpaka pa kukalia, meza ya chakula 75, mlango 210. Kitu kikizidi au kupungua mara 2.54, inchi na sentimita zimechanganyika.