Kilomita tano kwa pikipiki kila siku: hesabu makutano, si umbali

Mkuu, umeuliza kama pikipiki ni salama vya kutosha kwa mtu wa kilomita tano kwenda kazini na tano kurudi, kila siku, njia ileile. Ukaongeza kwamba "ni karibu tu". Neno hilo "karibu" ndilo linalowaponza wengi. Utafiti uliosimamiwa na Harry Hurt, mtafiti wa usalama wa pikipiki, huko Los Angeles, Marekani, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1981, ulichunguza ajali 900 za pikipiki palepale zilipotokea. Nyingi zilikuwa za safari fupi za shughuli za kawaida, na mwendeshaji alikuwa ndiyo kwanza ametoka. Kasi ya kati kabla ya ajali haikufika kilomita 50 kwa saa. Kwa hiyo mwendo mdogo na umbali mfupi visikupe imani usiyostahili kuwa nayo.

Kinachoamua ni idadi ya mahali ambapo gari linaweza kukukata. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa pikipiki inapogongana na gari, mara mbili kati ya tatu mwenye gari ndiye aliyeingia bila haki ya kupita kwanza. Ajali yenyewe ina sura mbili: gari linalokuja mbele yako linakata kuingia barabara ya upande wako, au linachomoza kutoka njia ndogo. Dereva ataapa kwamba hakukuona, na mara nyingi anasema kweli. Pikipiki ikija usoni ni nyembamba, hujificha yote nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele cha gari, na kwa kuwa ni ndogo jicho hudhani ipo mbali kuliko ilipo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pita njia yako saa ileile utakayokuwa ukiipita, kwa miguu au ukiwa abiria, na uandike. Hesabu makutano yasiyo na taa, mageti ya vituo vya mafuta na maduka, vituo vya basi, na sehemu ambako magari yaliyoegeshwa yanakuziba usionekane. Angalia mwendo wa magari mengine. Angalia pia jua: kama linakuwa chini mgongoni mwako asubuhi, basi anayekuja mbele analo machoni, wewe kwake ni kivuli. Njia ya magari yanayokwenda 40 na makutano machache, mimi naikubali. Barabara ya malori yanayokwenda 80, isiyo na nafasi pembeni ya kukimbilia, siikubali hata kwa kilomita moja. Na kama kuna njia ya kuzunguka yenye kilomita mbili zaidi lakini makutano nusu, hiyo ndiyo njia yako.

Sasa breki, maana hapa ndipo watu wanakufa bila sababu. Kwa 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekula mita 14 kabla hujagusa kitu. Ukifunga breki vizuri kwenye lami kavu unahitaji nyingine 14 hivi. Jumla ni mita 28. Kwa 30 jumla ni kama mita 13. Hesabu hiyo ni ya anayetumia breki zote mbili. Ukifunga breki, uzito mwingi huhamia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza, na breki ya mbele ndiyo inafanya sehemu kubwa ya kazi. Anayekanyaga ya nyuma peke yake kwa kuogopa kupinduka hutumia takriban mara mbili ya umbali wa kufunga. Hofu hiyo ina chanzo: ukiinyaka ya mbele ghafla, tairi linajifunga kabla uzito haujalishukia. Dawa ni kuibana kwa hatua, kwanza kidogo hadi shokapu za mbele zizame, kisha kwa nguvu, pikipiki ikiwa imesimama wima na usukani umenyooka. Fanya hivyo mara 20 kwenye uwanja mtupu ukianzia 20 kwa saa, halafu 30, halafu 40. Ukipata pikipiki yenye ABS (mfumo unaozuia tairi lisijifunge ukibana breki), ongeza pesa uichukue. Ni kifaa pekee cha kiwandani ambacho naona kinastahili kulipiwa zaidi.

Kuhusu ukubwa wa injini usisumbuke. Safari ya mjini inatoshwa na injini ya cc 125 au 150. Muhimu ni kwamba ukiikalia nyayo zote mbili zifike chini, na uweze kuisukuma kurudi nyuma bila kuhangaika.

Ukinunua iliyotumika, zungusha usukani ukiwa umeinua gurudumu la mbele: ukihisi unanasa katikati, beringi za usukani zimekwisha, na hizo huifanya pikipiki iyumbe kwenye mwendo. Shika gurudumu la nyuma ulitikise pembeni, lisicheze. Pedi za breki zikibaki chini ya milimita 2, badilisha. Tairi lililofikia vialama vidogo vilivyo ndani ya mifereji limekwisha, hata kama bado "linaonekana zuri". Upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki yenyewe, kila wiki. Tairi lenye upepo pungufu huifanya pikipiki iwe nzito kwenye kona na iteleze ovyo. Cheni ya pikipiki nyingi ndogo icheze milimita 20 hadi 30 katikati. Iliyokaza sana hula beringi na inaweza kukatika, iliyolegea hutoka kwenye sproketi (gurudumu la meno linaloivuta) na kufunga gurudumu la nyuma.

Safari fupi ina ugonjwa wake mwingine: injini haipati joto la kutosha, unyevu hubaki kwenye oili, na betri haijai. Badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, na mara moja kwa wiki iendeshe kwa nusu saa. Haya si ya usalama moja kwa moja, lakini betri dhaifu ni indiketa hafifu.

Helmeti. Iwe ya kufunika uso wote, maana kidevu na taya hupigwa sana. Ivae, funga mkanda, kisha mtu aivute kwa nyuma kwenda mbele; ikitoka, si yako. Ukiigeuza kulia na kushoto, ngozi ya mashavu iende nayo. Iliyoanguka na kichwa ndani itupe, hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani hubonyea mara moja tu na halirudi. Mapitio ya tafiti yamekadiria kuwa helmeti hupunguza kifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Baada ya hiyo, glavu (kila anayeanguka hutanguliza viganja), viatu vinavyofunika kifundo, jaketi. Swali la kujiuliza ni kama utavaa vyote hivi saa moja asubuhi, kuna joto, na ni dakika kumi tu. Kama jibu ni "nikienda mbali", panda basi.

Mvua: dakika za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, maana oili na vumbi vinachanganyika na maji kabla havijasombwa. Subiri kama unaweza. Michoro ya rangi barabarani na mifuniko ya chuma ipite wima bila breki. Nafasi ya sekunde mbili nyuma ya gari ifanye nne.

Ukiamua kununua, siku ya kwanza isiwe ya kazi. Endesha njia hiyo asubuhi ya siku ya mapumziko, mara tano au sita, kisha abiria asipande kwa miezi mitatu. Uzito wa mtu nyuma hubadilisha breki, kona na upepo wa tairi kwa pamoja, na wewe bado utakuwa unajifunza vitatu hivyo ukiwa peke yako.