Kambare wa Victoria, kambare wa Rufiji, na aibu yangu

Juzi nimeokota slaidi ya kromosomu za kambare, imeandikwa "K3" kwa kalamu ya wino. Methanoli ikapita, K3 ikaenda zake. Samaki huyo sasa hana ziwa, hana mto, hana jinsia. Wadogo zangu, penseli mnanyimwa na nani?

1. Basi, penseli: namba, jinsia, alikovuliwa, tarehe.

2. Ndoo ifunikwe, na jiwe juu. Kambare anavuta hewa, hana haraka ya kufa. Nimeshamsaka mmoja saa nane usiku nyuma ya friji, na ndiye aliyekuwa jike pekee wa Rufiji.

3. Muda wa kolkisini, dawa ya kusimamisha seli zikiwa katikati ya kugawanyika ili kromosomu zionekane. Hapa mnivumilie.

Wale wa Ziwa Victoria niliwachoma sindano, nikawapasua baada ya saa moja na nusu. Wa Rufiji niliwachoma jioni, umeme ukakatika, na sentrifuji, mashine ya kuzungusha seli zitulie chini, haizunguki kwa dua. Nikarudi asubuhi. Kromosomu zao zilikuwa fupi na nene kama ufuta. Mikono mifupi ya kromosomu, yaani vile vipande vya upande mfupi, niliyoiona waziwazi kwa wa Victoria haikuonekana tena. 2n, yaani idadi ya kromosomu katika seli, ilikuwa 56 kotekote, hapo sikukosea. Ila nilipojumlisha mikono, Rufiji wakatoka na michache. Nikaona mpinduko wa kromosomu, kipande kilichogeuka juu chini, nikaona mto na ziwa vilivyotengana zamani, nikaliona na jina langu limechapishwa! Nikapanga jozi kwa upendo, nikasimama mbele ya idara nzima, nikahubiri dakika 40.

Fundi wetu wa maabara, mzee asiyezungumza sana, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hawa na wale, dawa ilikaa muda mmoja?"

Nikafungua daftari, nikajifanya natafuta. Jibu nilikuwa nalo tangu alipotamka "dawa": kolkisini ikikaa mno, kromosomu hufupika hadi mikono mifupi isionekane.

Nilirudi kuvua. Samaki wapya wa pande zote mbili, siku moja, benchi moja, saa moja na nusu kwa wote. Tofauti ikayeyuka, na miezi yangu saba nayo.

4. Hesabu metafezi 30 (seli zilizosimama katikati ya kugawanyika) kwa kila samaki, si tatu nzuri za picha. Seli mbili tatu zenye 53 au 55 ni zile zilizopasuka kwenye kloridi ya potasiamu, maji ya kuvimbisha seli, kwa kuachwa mno. Lakini zikija 54 seli baada ya seli, uliza kwanza ukoo: chotara wa kambare wetu na Heterobranchus longifilis, ndugu yake mwenye 52, huwa na 54.

Leo asubuhi mmoja wenu kaniletea 54, uso unang'aa, kagundua jamii mpya. Nikamuuliza samaki kamtoa mto gani.

"Sokoni, Dokta. Ila alikuwa hai."