Hotuba ya Kijapani: chunga mdomo wako wa Kiswahili

Ujumbe wa juzi umetoka kwa msomaji wa kidato cha tano hapa Dar. Zimebaki wiki sita kabla ya mashindano ya hotuba ya Kijapani, atapewa dakika tatu jukwaani, na ameambiwa hana haja ya kuhangaikia matamshi kwa sababu ni Mswahili. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine ndiyo inayoangusha wengi.

Irabu ni zilezile tano, na ile n ya Kijapani inayosimama peke yake kama pigo zima (kipimo kimoja cha muda wa sauti) unayo tayari kwenye "nchi" na "nne". Shida ni mkazo. Kiswahili huvuta silabi ya pili kutoka mwisho bila kukuomba ruhusa, ilhali Kijapani hutenganisha maneno kwa urefu wa irabu. Ukitaka kusema biru, yaani jengo, ukaliwekea mkazo wetu, jaji anasikia biiru: bia. Maghorofa ya Posta yameshageuka bia ndefu. Yuki ni theluji, yuuki ni ujasiri; obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Halafu palipo parefu kweli tunafupisha. Kookoosei, mwanafunzi wa sekondari ya juu, ina mapigo sita, ko-o-ko-o-se-i, na ndilo neno la kujitambulisha. Ukisema "kokosei" umejiumbua kabla hujafika kwenye mada.

Dawa yake ni makofi: kofi moja kwa kila pigo, polepole, sentensi moja moja, mpaka mikono na mdomo vielewane. Kite (njoo) ni makofi mawili. Kitte (stempu) ni matatu, na la katikati unalipiga huku umebana pumzi. Kwenye desu na masu, miisho ya sentensi za adabu, u ya mwisho humezwa, usiikaze. Kwa kupanda na kushuka kwa sauti, ingia tovuti ya OJAD, kamusi ya lafudhi ya Kijapani ambayo ni ya bure, ubandike hotuba yako kwenye sehemu iitwayo Suzuki-kun. Itakuchorea mstari juu ya kila neno. Kisha jirekodi kwa simu na ulinganishe. Kusikiliza kichwani tu hakusaidii, kwa sababu masikio yako nayo ni ya Kiswahili.

Urefu sasa. Karatasi ya Kijapani ya kuandikia insha ina miraba 400, herufi moja kwa mraba. Kwa dakika tatu za mwendo unaoeleweka, karatasi mbili zisijae: herufi 700 hivi, kana (herufi za sauti) na kanji (herufi za asili ya Kichina) pamoja. Anayezidisha huishia kukimbia, na akikimbia irabu ndefu ndizo zinazokufa kwanza. Chagua desu na masu tangu mwanzo na usichanganye na da, mwisho wa mazungumzo ya kawaida. Angalia na saa pia: daladala ya saa kumi na moja alfajiri ni goji (saa yenye namba tano), si juuichiji (yenye kumi na moja), kwa sababu Wajapani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kosa hili hupita hata kwa wanaojua sarufi vizuri, maana namba yenyewe wameitafsiri sawasawa.

Mada? Kilimanjaro na Serengeti majaji wameshazipanda na kuzizunguka vya kutosha. Kushukuru kwa flyover ya Mfugale pale Tazara, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa 2018, ni adabu njema, ila hiyo ni hotuba ya balozi. Tafuta kitu kidogo. Neno "pole", kwa mfano. Pole na kazi inakaribiana na otsukaresama desu. Pole ya mgonjwa ni odaiji ni. Pole ya msiba ni goshuushoosama desu. Neno letu moja, yao matatu, na swali la kwa nini linatosha dakika zako zote.

Ukifika jukwaani, salimia kwanza, kisha inama. Usiongee ukiwa umeinama, sauti inaangukia sakafuni. Baada ya hotuba huwa kuna maswali, na hapo ndipo aliyekariri tu hugundulika. Andaa majibu kumi, yasizidi sentensi mbili kila moja. Usipoelewa swali, sema moo ichido onegai shimasu (tafadhali, mara moja tena), naye jaji atarudia. Ukitikisa kichwa na kutabasamu atadhani umeelewa, na atasubiri jibu.