Maswali ya Bustani: Matandazo na Kokoto, Ninunue Kiasi Gani?

Nina matuta matatu ya nyanya, kila moja urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2. Nataka kuyatandazia pumba za mpunga kutoka mashineni. Mara ya kwanza nilinunua magunia manne, hayakufika hata nusu. Nihesabu vipi? – Msomaji, Morogoro

Anza na unene, kwa sababu ndio unaoamua kila kitu. Pumba za mpunga zinatosha sentimita 5. Zikiwa sentimita 2 tu, jua linapenya na magugu yanaota kama kawaida. Zikizidi sana, mvua ndogo inaishia kwenye pumba bila kufika kwenye mizizi.

Eneo la tuta moja ni 6 × 1.2, yaani mita za mraba 7.2. Matuta matatu ni 21.6. Sasa shika kanuni hii, maana itakufaa miaka yote: zidisha mita za mraba kwa unene wa sentimita, kisha gawa kwa 2. Jibu ni idadi ya ndoo za lita 20. Inatoka hivyo kwa sababu mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita moja ni lita 10, nusu ndoo. Kwako: 21.6 × 5 ÷ 2 = ndoo 54.

Magunia ndiyo yaliyokuangusha. Gunia si kipimo: lipo la kawaida na lipo la lumbesa, na pumba zilizoshindiliwa hazilingani na zilizomwagwa tu. Likifika gunia la kwanza, lipime kwa ndoo yako mwenyewe. Likitoa ndoo 6, unahitaji magunia 9. Ongeza moja la kufidia kulala na kupeperushwa, yawe 10. Usikubali kuuziwa pumba kwa kilo. Ni nyepesi mno, na zikilowa uzito unapanda huku ujazo ukibaki uleule.

Ukishatandaza, nyunyizia maji zitulie, la sivyo upepo utazihamishia kwa jirani. Acha sentimita 5 wazi kuzunguka kila shina. Pumba mbichi zikilikumbatia shina la nyanya, unyevu unaliozesha. Usizichanganye na udongo zikiwa mbichi, kwani vijidudu vinavyoziozesha hutumia naitrojeni ya udongo na majani ya nyanya hugeuka njano. Zikibaki juu tu, tatizo hilo ni dogo.

Ukikosa pumba ukatumia nyasi kavu, weka sentimita 10 zikiwa bado zimefumuka, maana hulala hadi karibu nusu. Hesabu inakuwa ndoo 108. Zikate kabla hazijatoa mbegu, vinginevyo utakuwa umejipandia magugu. Vumbi la mbao lisizidi sentimita 3. Likikauka hugandamana na kuteremsha maji pembeni.

Njia ya kwenda bustanini ina urefu wa futi 30 na upana wa futi 4. Muuza kokoto ananiambia nichukue tani mbili. Ni sahihi? – Msomaji, Arusha

Hapana, tani moja inakutosha, mradi ardhi iwe ngumu. Kwa kokoto za robo tatu ya inchi, unene wa inchi 2 unafaa, kwa sababu tabaka linatakiwa lizidi mara mbili ukubwa wa jiwe lenyewe ili lisiachie mapengo. Futi 30 × 4 ni futi za mraba 120. Inchi 2 ni sehemu ya sita ya futi, kwa hiyo 120 ÷ 6 = futi za ujazo 20, takriban mita za ujazo 0.57. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa karibu tani 1.5, hivyo yako ni tani 0.85. Ongeza asilimia 10, utafika 0.93. Kwa toroli la lita 60, ni kama matoroli 10 au 11 yaliyosawazishwa.

Shida kubwa huanzia chini. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi huwa tope masika na kuyameza mawe. Watu huongeza kokoto kila mwaka bila kujua zinakokwenda. Chimba inchi 3, shindilia moramu (udongo wenye changarawe) inchi moja, tandika kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji, ndipo umwage kokoto. Karatasi ya nailoni isiyo na matundu huhifadhi maji juu yake na njia inageuka dimbwi. Pembeni panga matofali au mawe makubwa, maana kokoto zisizozuiliwa hutawanyika.

Kama unanunua kwa tripu badala ya tani, pima bodi ya gari kwa futi kamba: urefu × upana × kimo cha mzigo uliosawazishwa. Kichuguu cha katikati hudanganya macho.

Mwembe wangu una duara la upana wa mita 2. Nilipiga hesabu ya majani makavu, unene sentimita 8, nikapata ndoo 50. Mbona ni nyingi hivyo? – Msomaji, Tanga

Umetumia kipenyo badala ya nusu kipenyo, na jibu limekua mara nne. Nusu kipenyo ni mita 1: 1 × 1 × 3.14 = mita za mraba 3.14. Zidisha kwa 8, gawa kwa 2: ndoo 12 na nusu. Acha sentimita 15 wazi kuzunguka shina, hasa kama eneo lenu lina mchwa. Nafasi hiyo huna haja ya kuitoa kwenye hesabu, ni ndogo.