Maswali ya Wasomaji: Nobu zazunguka, DX7 haisikii

SWALI: Asalaam alaykum, fundi. Nimeachiwa kinanda cha umeme cha Yamaha DX7 na ami yangu, aliyekuwa akipiga taarab harusini. Nataka kutengeneza sauti inayokaribia kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, lakini kubonya vitufe na kusogeza kile kislaida kimoja kunanichosha. Nimenunua kontrola ya USB ya MIDI (lugha ambayo ala za umeme huwasiliana nayo) yenye nobu, yaani vifundo vya kuzungusha, 16. Nazungusha zote, sauti haibadiliki. Je, kinanda kimeharibika?
Kijana wa Likoni, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Kama kinanda chalia ukikipiga, sidhani kimeharibika. Hawa wawili hawajafahamiana tu.

Anza na waya. DX7 ya 1983 ina matundu ya duara ya pini 5, kwa hivyo kontrola ya USB yahitaji kompyuta katikati, au kisanduku kinachopokea USB na kutoa MIDI ya pini.

Wengi hukwama hapa panapofuata. Nobu zako zatuma ujumbe wa kawaida wa kontrola, ilhali DX7 hubadilisha vigezo vyake vya sauti, ambavyo ni 145, kwa ujumbe wa kiwanda, yaani siseksi. Fungua kitabu cha kontrola uone kama yaweza kuutuma. Nyingi za bei nafuu haziwezi. Behringer BCR2000 yaweza, ina nobu 32 na matundu ya pini 5. Haitengenezwi tena, lakini iliyotumika hupatikana. Kama yako haiwezi, weka Dexed kwenye kompyuta. Ni programu ya bure inayoiga DX7, na ukibadilisha kigezo ndani yake yaweza kukipeleka kwenye kinanda chenyewe.

Kisha ufungue mlango wa kinanda: bonya FUNCTION, halafu kitufe cha 8 mpaka kioo kiandike SYS INFO, ujibu YES ili isomeke AVAIL. Bila hivyo ujumbe wote wa siseksi wapotea.

Sasa kanuni yako. Nakusihi usijaribu kujaza nobu zote 16. Chagua algorithimu ya 5, yaani mpangilio wa opereta (vitoa-mawimbi sita vya DX7), ambamo opereta 2, 4 na 6 zaitia makali 1, 3 na 5, ambazo ndizo zinazosikika. Makali ya uzi unapodonolewa yako katika hizo tatu, basi zipe nobu tatu za kiwango cha sauti. Kwa chaneli ya 1, ujumbe wa opereta 2, ulioandikwa kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), ni F0 43 10 00 64, kisha thamani, kisha F7. Ya 4 weka 3A mahali pa 64, ya 6 weka 10. Thamani ziishie 99, ambayo kwa heksadesimali huandikwa 63. Nobu ya nne ipe fidbaki, yaani opereta kujirudishia sauti yake yenyewe: F0 43 10 01 07, thamani 0 hadi 7, kisha F7. Mporomoko (kufifia kwa sauti baada ya kupigwa) wa opereta 2, 4 na 6 ufanye wa haraka zaidi kuliko wa zile zinazosikika, na huo utengeneze kwa vitufe vya kinanda, kwa kuwa ukishaupata huugusi tena.

Zungusha polepole. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe mmoja kama huu huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 2. Nobu tatu zikikimbia pamoja, kinanda cha umri huu huchelewa.

Ukiipata sauti, zima ulinzi wa kumbukumbu uihifadhi kabla hujachagua nyingine. Na huko Likoni, upepo wa chumvi hauna huruma kwa vitufe: kifunike kinanda kila ukimaliza kupiga.