Jogoo na mitetea wale chombo kimoja?

Swali: Habari za kazi, daktari. Niko Buswelu, Mwanza, nina mitetea 12 na majogoo wawili wa kienyeji, wote banda moja. Nawapa chakula cha kuku wa mayai cha dukani, nakiongezea mashudu ya pamba. Jirani anasema chakula hicho kinaharibu figo za jogoo, niwatenganishe. Halafu nikiatamisha mayai, mengi hayaanguliwi. Nifanyeje?

Jibu: Salama, dada. Usiwatenganishe, bila jogoo bandani hutapata vifaranga.

Jirani yako ana hoja lakini. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu kama asilimia 4, kwa sababu ganda la yai moja hubeba karibu gramu 2. Jogoo hatagi, asilimia 1 inamtosha kabisa. Ile ya ziada hutolewa na figo, nazo huchoka. Madhara huja polepole na majogoo wengi huishi miaka bila dalili, ila nimewahi kupasua jogoo nikakuta ini limepakwa unga mweupe kama chokaa ya ukutani. Ile ni gauti, yaani taka za mkojo zilizoganda mwilini baada ya figo kushindwa kuzitoa. Ninaowahofia zaidi ni tembe ambao hawajaanza kutaga, kwani figo zao bado changa.

Kwa hiyo geuza mpango. Chombo kikuu kiwe na chakula cha kukuzia, chenye protini asilimia 16 hivi, wale wote. Kalsiamu iwe pembeni, kwenye kopo lake. Simama uangalie: jogoo atadonoa mara mbili tatu aondoke, mtetea anayetaga atarudi na kurudi, hasa jioni, maana ganda hujengwa zaidi usiku. Tumia magamba ya konokono yaliyopondwa yawe kama chenga za mahindi, yasiwe unga. Chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu hadi asubuhi. Unga hupita haraka. Yanunue makavu dukani. Tafadhali usiwatume watoto kuyaokota ziwani, kichocho kiko palepale kwenye maji ya kina kifupi. Maganda ya mayai ya jikoni nayo yanafaa, ila yakaushe kwenye moto uyaponde, kuku wasizoee kula mayai yao.

Sasa hayo mayai yasiyoanguliwa. Acha mashudu ya pamba. Najua kanda yetu ni ya pamba na bei yake inavutia, lakini yana sumu iitwayo gosipoli, inayopunguza uanguaji. Vunja yai lililokaa wiki mbili: kiini chenye rangi ya kijani kijani kitakuonyesha. Ukihitaji mashudu, chukua ya alizeti. Dagaa wa soko la Kirumba ni wazuri pia, ukiwapepeta mchanga na kuhakikisha hawana chumvi. Gramu 50 kwa kilo ya chakula zinatosha, wakizidi sana mayai hunuka samaki.

Kwa mitetea 12, jogoo mmoja mwenye afya anatosha. Ukibaki na wawili, weka vyombo viwili mbalimbali ili mnyonge naye ale.

Ngoja kama mwezi mmoja ndipo uatamishe tena. Siku ya 7, usiku, mulika kila yai kwa tochi. Likiwa jeupe tupu, halikurutubishwa, mwangalie jogoo. Ukiona duara la damu, mbegu ilishika ikafia ndani. Hapo rudi kwenye chakula, na uangalie kama kuku anayeatamia alikuwa akiyaacha mayai yapoe.